Mkia Kwanza, Rangi Baadaye

Kazi yangu ya uvuvi serikalini, ukiondoa safari na barua, ilikuwa kuandika jina sahihi la samaki kwenye daftari. Hapa Nsambya, Kampala, ninakoishi baada ya kustaafu, mnunuzi sokoni akiwajua ngege, mputa (sangara) na mukene (dagaa), mahitaji yake yametimia. Mtoni kwenye baridi, anakoishi trauti, hayatimii. Trauti tulionao Afrika Mashariki ni wageni wa aina mbili. Wa kahawia aliletwa Kenya mwaka 1905, mayai yake yakitoka Loch Leven, Scotland, akatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, alifuata baadaye, akaenea hadi mito ya Mlima Elgon. Wote wawili hustawi maji yakiwa chini ya nyuzi 20 hivi. Yakikaribia 25 wanahangaika kwa kukosa hewa. Wavuvi wengi huwatenganisha kwa rangi, na hapo ndipo ninapopingana nao. Trauti wa kidimbwi chenye kivuli huwa mweusi, wa maji meupe yenye changarawe hung'aa kama fedha, na dume msimu wa kuzaa hubadilika tena. Rangi iliwapoteza hata wataalamu: katika karne ya 19, Albert Günther wa jumba la makumbusho la London aliorodhesha spishi kadhaa za trauti wa Uingereza na Ireland, ambao leo wengi wao huhesabiwa kuwa spishi moja tu, Salmo trutta.

Kwa hiyo mimi huanza na mkia. Ulowanishe mkono, mshike samaki, utandaze mkia wake kwenye mwanga: wa upinde wa mvua ana madoadoa meusi yaliyojipanga kufuata miiba ya pezi mpaka ukingoni, wa kahawia hana, au anayo machache sana, ila ubavuni huwa na madoa mekundu yaliyozungukwa na duara jeupe. Wote wana kijipezi cha nyama kati ya pezi la mgongo na mkia. Kisinja, samaki wetu wa asili wa mtoni, hana kijipezi hicho. Ana sharubu mdomoni, magamba makubwa, na taya zisizo na meno. Tofauti hizo ndizo zinazoamua uvuvi wenyewe. Trauti husimama akiukabili mkondo, akingoja wadudu wanaoletwa na maji, hivyo mvuvi humjia kwa nyuma na kutupa nzi wa bandia mbele yake. Kisinja hutafuta chakula chake chini, na chambo chake huachwa kizame.

Wapo wanaoniambia kwamba sufuria haiulizi jina. Kweli, haiulizi, lakini daftari linauliza. Katika Ziwa Victoria, nkejje (furu) wa mamia ya spishi waliandikwa kwa miaka mingi kama kundi moja. Mputa, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950, alipoongezeka ghafla miaka ya 1980, takwimu zilionyesha nkejje wamepungua, lakini hazikuweza kusema ni nkejje gani waliotoweka. Wengine husema trauti ni mgeni, akipotea na apotee. Mimi naona ugeni wake ndio sababu ya kumwandika kwa uangalifu: misitu ya Elgon ikikatwa, kivuli hupungua na maji hupata joto, na huyu anayetaka baridi atakuwa wa kwanza kupanda juu au kwisha. Safu moja ya "samaki wengineo" itaficha habari hiyo kabisa. Na kuhusu vipimo vya jeni, ambavyo vijana wa maabara wanavisifu kwa haki, navyo huanza na kipande cha pezi ndani ya kichupa, na kichupa hicho lazima mtu wa mtoni akiandike kimetoka kwa samaki gani, maji gani, na yakiwa na nyuzi ngapi.