Chumba cha Kulia cha Enzi ya Victoria

Jina la Malkia Victoria si geni kwetu tuishio kandokando ya ziwa lililopewa jina lake. Lakini jina hilo linapotajwa pamoja na viti, mapazia na karatasi za ukutani, wengi wetu hatutambui hasa kinachosemwa. Nasi tulikuwa hivyo hivyo hadi likizo iliyopita, tulipokwenda London, sisi wawili mume na mke, sote walimu, kumtembelea mdogo wetu ambaye ni muuguzi huko. Alikuwa amenunua fleti katika nyumba ya matofali iliyojengwa katika miaka ya 1880, nyumba ambayo zamani ilikuwa ya familia moja na watumishi wake, na leo imegawanywa ikakaliwa na familia nne. Katika mgawo huo yeye alipata chumba cha kulia kisichozidi mita tatu kwa mbili na nusu. Kilijaa masanduku, na watoto wake wawili walikula sahani zikiwa mapajani, macho kwenye televisheni.

"Dada, shemeji, nisaidieni," akatuambia. "Nataka wanangu wale mezani, na chumba kifanane na nyumba."

Kufanana na nyumba maana yake ni kupambwa kwa mtindo wa enzi ya Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901. Hapo ndipo sisi wawili tulipotofautiana. Mmoja wetu aliuliza kuna haja gani mtu wa Uganda kuukaribisha mezani utawala uliomtawala babu yake. Mwingine akajibu kuwa kuta hazina kosa, na kwamba mtoto akulie katika nyumba anayoielewa. Majibizano hayo yalitufuata hadi mwisho wa kazi, na twaona yaliifaidi kazi yenyewe.

Mtindo huu kwa asili yake haupendi uchache. Kodi ya karatasi za ukutani iliondolewa Uingereza mwaka 1836, ushuru wa vioo mwaka 1845, na mashine zikawa zinachapa nakshi kwa wingi. Basi karani na mwenye duka wakaweza kununua vitu ambavyo babu zao waliviona kwa matajiri tu. Wakavinunua kweli kweli. Ukuta aghalabu uligawanywa sehemu tatu. Ukanda wa chini, ufikao kiunoni mwa mtu, ulikuwa wa rangi nzito au wa karatasi ngumu yenye nakshi za kuchomoza. Sehemu ya kati ilikuwa na maua au majani. Na ukanda wa juu, karibu na dari, ulikuwa na nakshi yake yenyewe. Chumba cha kulia hasa kilipewa rangi za giza, nyekundu iliyoiva, kijani au hudhurungi, zilizopendeza kwa mwanga wa taa na ambazo hazikuonyesha upesi masizi ya makaa ya mawe. Kijani kimoja kilichopendwa sana kilikuwa na sumu ya aseniki. Watu walikula na kulala pamoja na sumu kwa kuwa ilikuwa nzuri kutazama.

Ili tusifanye kazi kwa kubahatisha, tulikwenda kuitazama nyumba namba 18, Stafford Terrace, mtaani Kensington, ambayo sasa ni makumbusho. Humo aliishi Linley Sambourne, mchoraji wa gazeti la Punch, tangu 1875 hadi alipofariki mwaka 1910, na vyombo vyake vingi vimehifadhiwa palepale. Karatasi za William Morris, vyombo vya kauri, picha zilizobanana hata ukuta karibu usionekane! Tuliipenda. Halafu tukakumbuka mwenye nyumba ni nani. Walimu wengi wa historia katika nchi zetu wamepata kuwaonyesha wanafunzi ile picha ya mwaka 1892 ya Cecil Rhodes akiwa jitu, mguu mmoja kusini kabisa mwa Afrika na wa pili Misri, mikononi ameshika waya wa simu, nasi sote tuko katikati ya miguu yake. Aliyeichora ni Sambourne. Chakula chake cha jioni alikila katika chumba kilekile tulichokuwa tukikisifu.

Tangu hapo tukawa tunauliza kila kitu kilitoka wapi. Sandarusi, mathalani, ilichimbwa ardhini huko Mrima, ikapitia Unguja, ikaenda Marekani na Ulaya kuyeyushwa iwe vanishi ya kung'arisha magari ya farasi na samani. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani kutoka bara, Buganda ikiwamo, zikaishia kuwa mipini ya visu vya Sheffield na vibonyezo vya piano. Hivyo meza ya Mwingereza wa zama zile haikuwa ya Kiingereza tupu. Wapagazi wetu walikuwa wamekwisha kuifikia bila kualikwa kukaa. Mmoja wetu, yule aliyepinga tangu mwanzo, alisema sasa yu tayari kupaka rangi.

Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 2022 imekataza karibu biashara yote ya vitu vya pembe, nasi tusingevitaka hata kama vingeruhusiwa. Tulinunua visu vikuukuu vyenye mipini ya mfupa.

Ukanda wa chini ulikuwa sandukuni mwetu bila sisi kujua. Tulikuwa tumemletea mdogo wetu zawadi ya vipande vya lubugo, ile nguo ya gome la mutuba ambayo mafundi wa Buganda huigonga kwa nyundo za mti mpaka ilainike na kutanuka. Rangi yake ya udongo uliochomwa ni ileile ambayo Waingereza wale waliitafuta madukani. Mmoja wetu alisita, maana lubugo huvikwa wafu. Mwingine akakumbusha kuwa Kabaka pia huivaa siku ya kutawazwa. Tuliigandisha kwanza juu ya mbao nyembamba, zenye kimo cha sentimita 90, kisha mbao zikafungwa ukutani kwa skurubu, ili mwenyewe akihama ahame nazo. Juu yake tukabandika karatasi ya Morris iitwayo Willow Bough, ya mwaka 1887, ambayo ni majani membamba tu. Maua makubwa yangekimeza chumba.

Katika mengine tulikuwa wachoyo. Meza ya mkangazi yenye mbawa za kukunja, viti vinne vyenye migongo ya duara visivyotoka seti moja, kioo juu ya meko ya zamani iliyozibwa, pazia la mahameli nyekundu, na taa moja yenye tufe la kioo. Basi. Mwenye kuiga wingi wa vitu vya Sambourne katika mita saba na nusu za mraba atakula amesimama.

Ikabaki picha. Mdogo wetu alipata nakala ya lile jitu la Rhodes akataka kulitundika. Tulibishana siku mbili. Hatimaye aliliweka karibu na mlango, mbali na meza, na ukuta wa mkabala akaupa picha ya bibi yetu akiwa amevaa gomesi.

Watoto sasa hula humo. Masharti ya mama yao ni kwamba mezani husemwa Kiswahili, na kila chombo kitajwe kwa jina. Hapo ndipo walimu wawili tuliposhikwa. Mahameli tulikuwa nayo, mkangazi na kauri pia. Ule ukanda wa chini wa ukuta tuliuita "kikoi cha ukuta", kwa kuwa waanzia kiunoni, na watoto wakacheka wakalipokea. Lile kabati refu la kimo cha kifua, ambalo juu yake hupangwa mabakuli na ndani huwekwa vitambaa, hatukukubaliana. Mmoja wetu asema "kabati la mezani", mwingine asema "saidibodi" na asiadhibiwe mtu. Wenzetu wenye neno lililo bora watuandikie kupitia jarida hili.