Kupima Pembe Ndogo kwa Kiswahili

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo hunijia kila nipitapo Biharwe, karibu na mji wa Mbarara, penye mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kulikotokea tarehe 17 Aprili 1520. Jua na mwezi, tuvitazamapo kutoka duniani, kila kimoja huchukua pembe ya yapata nusu nyuzi tu. Kwa kulingana kwa pembe hizo ndogo mchana uligeuka giza. Na masimulizi ya wenyeji husema kuwa jeshi la Bunyoro lilitishika, likaacha ng'ombe lililowateka.

Ndugu walimu, pembe ndogo zaidi ya hizo hupimwaje? Jambo hili hulifundisha kwa Kiswahili kwa vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wengi wao wakiwa wametoka Kongo na lugha hii vinywani mwao. Kioo bapa chenye upana wa sentimita 10 huegemezwa kwenye ubao, na mwale wa tochi ya leza huelekezwa humo, ukarudi ukutani mita 5 kutoka hapo. Kisha nyuma ya ukingo mmoja hupenyezwa karatasi yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Jicho halioni kuinama kwa kioo, lakini doa la mwanga huhama kiasi cha sentimita 1. Kwani kioo kigeukapo, pembe tukio na pembe akisi hubadilika pamoja kwa kiasi kile kile. Hivyo mwale akisi hugeuka mara mbili ya kioo.

Kwa kanuni hiyo mafundi wa lenzi na miche ya kioo hutumia otokolimeta, chombo kitoacho miale sambamba na kupima mhamo wa taswira irudipo, hata kufikia sekunde moja ya pembe, yaani sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja.

Wapo wasemao Kiswahili ni cha sokoni tu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kiwe lugha rasmi, lakini idhini peke yake haifundishi. Kijana aliyeanza shule kwa Kifaransa, na sasa asomaye fizikia kwa Kiingereza, asipopewa maneno ya lugha aijuayo atadhani akili yake ndiyo haba. Yafaa basi istilahi hizi tuzifundishe mbele ya kioo na ukuta, si katika orodha pekee.