Mikono Yangu Ina Bei

Naandika ushuhuda huu kwa wanawake wenzangu walioko ughaibuni, hasa wale wanaorudi nyumbani alfajiri wakiwa na uchovu unaozidi kazi yenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilizaliwa na kukulia Njombe, nikaolewa, nikamfuata mume wangu Ohio, nikapata kazi ghalani, zamu ya usiku. Kazi za namna hiyo Watanzania tunaziita kubeba boksi, na yangu ilikuwa boksi kweli: pokea, bandika karatasi, sukuma mbele. Kifaa nilichoshika mkononi kilihesabu dakika zangu, hata za kwenda msalani. Mshahara ule ulilipa kodi ya nyumba na ada za wadogo zangu, kwa hiyo siudharau. Lakini ndani nilikuwa nimenyauka. Baridi ya Januari ilipoingia sikutaka kupika, sikutaka kupokea simu, na kanisani nilikaa nyuma kabisa ili nitoke kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Mama mmoja mzee, Mmarekani tunayesali naye, akaniona. Ana shamba la alpaka nje ya mji, na mwezi wa Mei aliniomba nikamsaidie siku ya kunyoa. Nilikubali kwa heshima tu, nisijue kwamba Mungu ameshaanza kunifungulia njia.

Kwa asiyemjua, alpaka ni mnyama wa ukoo wa ngamia, asiye na nundu, mwenye shingo ndefu na mgongo unaofika usawa wa kiuno cha mtu. Kwao ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako Waquechua, Waaymara na wahenga wao wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Peru ndiyo yenye alpaka wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wafugaji wa Marekani walianza kuwaagiza mwaka 1984, na kwa muda mrefu wengi waliwanunua ili wawazalishe na kuuza watoto wao. Jike bora aliweza kuuzwa makumi ya maelfu ya dola. Uchumi ulipoyumba mwaka 2008 bei ikaporomoka, na baadhi ya wafugaji wakafika mahali pa kugawa mifugo bure. Mama huyu alibaki na wa kwake. Alisema thamani ilikuwa mgongoni mwa mnyama tangu mwanzo, ila watu walikuwa wakitazama kwingine.

Alpaka hunyolewa mara moja kwa mwaka, kabla joto halijakolea, maana akiingia kiangazi na manyoya yote yale anaweza kufa. Hulazwa chini, miguu ikanyooshwa kwa kamba mbele na nyuma, na mnyoaji stadi humaliza kwa dakika chache. Wengine hutulia, wengine hupiga kelele na kutema mate. Kazi yangu ilikuwa kupokea manyoya ya mgongoni na ubavuni, yanayotoka yakiwa yameshikamana, na kuyatandaza juu ya meza ya wavu wa waya.

Kwa nje yalikuwa vumbi na majani makavu. Nilipoyageuza, ndani yaling'aa, kahawia safi, laini ajabu. Mama akanielekeza. Toa ya miguu na tumbo yaliyobaki pembeni, ni magumu, hayo yatakwenda kwenye soli za ndani za viatu na mazulia. Toa nyasi kwa vidole. Kisha chukua kishungi kimoja, kishike ncha mbili karibu na sikio, ukivute kwa ghafla. Kikilia sauti safi, ni imara. Kikichakacha, kina udhaifu katikati: kuna wakati mwaka ule mnyama aliugua au alikosa lishe. Nikavuta, nikasikiliza, nikasema, "Hiki kizima." Ghalani hakuna aliyewahi kuniuliza naona nini wala nasikia nini. Pale meza nzima ilisubiri neno langu.

Nikawa nakwenda kila nipatapo nafasi. Manyoya ya alpaka hayana mafuta mengi yaliyomo katika sufu ya kondoo, hivyo maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha. Huyasugui, maana yakisuguliwa yanagandana. Unayazamisha taratibu, unayainua, unayaanika. Yakikauka unayachana kwa brashi mbili zenye meno ya waya, kisha unasokota. Nilianzia kwenye pia, kijiti chenye kisahani kinachozunguka huku kikining'inia, ambacho wanawake wa Andes hukitumia kusokota hadi leo huku wakitembea na mifugo. Baadaye Mama akaniazima gurudumu lake la kusokotea. Uzi mmoja peke yake hujikunjakunja. Ukisokota mbili pamoja kwa kuzungusha upande wa pili, zinatulia.

Kufuma nilikuja nako. Njombe mwezi wa Juni na Julai baridi hukata, na mama yangu mzazi alitulea kwa kufuma sweta, mizula na vitambaa vya makochi. Nilimpigia simu ya video, nikamwonyesha uzi wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ukiuvuta huo uzi, unarudi?"

Nikauvuta. Haukurudi.

"Basi usiufumie ukingo wa mikono ukiwa peke yake. Utalegea."

Hajawahi kumwona alpaka wala kugusa manyoya yake, lakini swali moja lilimtosha. Ndivyo ulivyo: uzi wa alpaka una joto na ulaini, ila haunyumbuki kama wa kondoo, na sweta zito hurefuka kwa uzito wake lenyewe. Kwa hiyo shali na skafu nafuma kwa alpaka mtupu, na sweta nachanganya na sufu ya kondoo. Alpaka aina ya Suri, ambaye manyoya yake hushuka kwa vishungi virefu kama rasta, hutoa uzi unaong'aa, mzuri kwa shali. Huacaya ana manyoya yaliyotutumka, na uzi wake naufumia mizula na soksi. Rangi sitii. Nyeupe, kijivu, kahawia na nyeusi zinatoka kwa mnyama mwenyewe.

Jambo lililonigeuza zaidi ni bei. Kabla ya kupeleka chochote sokoni, Mama alinikalisha mezani tukapiga hesabu: manyoya, kuosha, kuchana, kusokota, kufuma, kila saa kwa kima kile nilicholipwa ghalani. Shali moja ikazidi kwa mbali bei ya shali ya dukani. Nikaiandika bei ile, nikaibandika. Wapo wanaopapasa, wanaisoma na kwenda zao, na siwalaumu. Wapo wanaouliza imetengenezwaje, nawaeleza kuanzia mnyama, wananunua na kurudi mwaka unaofuata. Ghalani dakika yangu ilipangiwa thamani na mtu nisiyemjua. Sokoni naitaja mwenyewe, namtazama mnunuzi usoni.

Sijatajirika. Bado nafanya nusu siku ghalani, zamu ya mchana, na uzi unajazia pengo. Lakini usiku nalala. Kanisani mimi ndiye ninayechelewa kutoka, na jioni moja kila wiki nyumbani kwangu wanakusanyika Wakongo, Wakenya na Wamarekani, tunafuma na kuongea mpaka chai inaisha. Kiza kilichokuwa ndani yangu kimeondoka, nami namshukuru Mungu na mama zangu wawili.

Nilimuuliza mama wa Njombe anauzaje seti ya vitambaa. Akanitajia pesa iliyozidi ya uzi kwa kidogo sana. Nikamwuliza, "Na mikono yako, mama?" Akanyamaza, kisha tukapiga hesabu pamoja. Siku hizi anauza kwa bei mpya, na wateja wake hawajamkimbia.

Ndugu msomaji, ukikutana na anayefuma kwa mkono, kabla ya kuomba punguzo muulize amekaa saa ngapi. Na wewe mfumaji, popote ulipo, andika gharama ya uzi, andika na saa zako, kisha taja bei yako bila kuomba radhi.