Mvua ya Radi na Haki ya Aliye Njiani

 

Sura ya 13 katika Msahafu imepewa jina la radi. Ndani yake tunafunzwa kwamba ngurumo nayo humsabihi Mola wake, na kwamba waja huonyeshwa umeme ili waingiwe na hofu na tumaini kwa pamoja. Mfasiri wa kale Qatada alieleza jambo hilo kwa ufupi: hofu ni ya msafiri, na tumaini ni la mkaazi wa mji. Aliye shambani kwake hulitazama wingu akaona mahindi, na aliye njiani hulitazama wingu lile lile akaona hatari. Sisi tuliyasoma maneno hayo chuoni tukiwa vijana na tukayahifadhi. Maana yake tuliipata kwa viungo vyetu katika safari ya mwezi wa Aprili, tukiwa nyuma ya pikipiki baina ya Migori na Homa Bay.

Watu wa pwani mvua tunaijua. Masika yetu huja na upepo wa bahari, hujaza mitaro, huangusha minazi na kulowesha makuti, ila ngurumo zake si nyingi. Nyanza hali ni nyingine. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000, na maji mengi namna hiyo hujitengenezea hali ya hewa yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, basi upepo wenye unyevu hutoka ziwani ukaelekea nchi kavu. Hupanda kuelekea milima ya Kisii, hukutana na pepo za kutoka mashariki, na mawingu hurundikana yakawa marefu mno. Alasiri hupasuka. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na wavuvi ndio wanaokutana na dhoruba kabla ya alfajiri. Kwa sababu hiyo bonde la ziwa lile limehesabiwa miongoni mwa mahali penye radi nyingi zaidi duniani.

Tulikuwa tumetoka Migori kwa matatu, tukapita Awendo katikati ya mashamba ya miwa, tukashuka Rongo. Nia yetu ilikuwa kufika Kendu Bay, mji wa kando ya ziwa wenye Waislamu wa siku nyingi, ambako wenyeji wetu walikuwa wakitungoja. Magari ya kuelekea Homa Bay yalikuwa machache siku hiyo, basi tukachukua bodaboda. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu, na alikuwa na kofia ngumu mbili, ya kwake na ya abiria, jambo ambalo si kila mahali tunaliona. Jua lilikuwa bado linawaka, lakini upande wa kushoto mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya kaniki.

Tulipokaribia Rodi Kopany upepo ukatuzukia ubavuni, ukaisukuma pikipiki kuelekea ukingo wa lami. Kisha mwanga ukapasua wingu. Tukaanza kuhesabu kimoyomoyo, kwa kuwa sauti huenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, na mwenye kuhesabu baina ya mwanga na ngurumo hujua radi iko umbali gani. Mara ya kwanza tulifika 12. Mara ya pili tukafika 7. Mvua ikaanza, matone yakitupiga usoni kama changarawe, pamoja na chembe za barafu. Barabara ikatoweka mbele yetu. Mara ya tatu hatukufika 3.

Tukamgusa kijana begani, tukamwambia asimame kwenye nyumba ya kwanza.

Akajibu kwa sauti kuu, "Mzee, tuharakishe tu! Ikizidi tutajikinga chini ya mti pale mbele."

"Mti hapana, kijana wetu. Nyumba."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema lile lililokuwa likimsumbua. "Na hesabu ya mwenye pikipiki je? Bado sijaifikisha ya leo."

Hapo tukafahamu. Kijana yule aliiona radi kama tulivyoiona sisi, na moyo wake ulidunda kama wetu. Lakini pikipiki si yake. Kila jioni sharti apeleke kiasi walichopatana na mwenyewe, mvua inyeshe isinyeshe, na kila nusu saa anayosimama inatoka katika unga wa watoto wake. Tukamwambia muda wa kungoja tutaulipa sisi, juu ya nauli. Mara hiyo hiyo akapunguza mwendo, akaingia katika uchochoro wa kwanza uliokuwa na ua wa minyaa.

Nyumba ilikuwa ya matofali, yenye paa la mabati, na mlangoni alisimama mama mtu mzima akitupungia mkono tuje mbio. Hakuuliza tu nani. Alimwambia kijana aiache pikipiki uani mbali na mlango, akatuingiza sebuleni, akatupa kanga kavu ya kujifutia. Wajukuu aliwaondoa dirishani akawaketisha katikati ya chumba, na waya wa televisheni alikuwa ameuchomoa ukutani kabla hatujafika. Alijua anachofanya. Kwa Wajaluo mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth akiwa wa kiume na Akoth akiwa wa kike, na watu wenye majina hayo ni wengi mno katika nchi ile. Watu wanaoipa watoto wao majina ya mvua wameizoea vya kutosha kujua lini huleta neema na lini huua.

Alasiri ilikuwa imekwisha ingia. Tukamwomba mama ruhusa ya kusali, tukamweleza kuwa tunaelekea kaskazini. Akatuonyesha upande uliko ziwa, akasogeza meza, akatandika mkeka wa mafunjo. Yeye ni Mkristo, na picha za kanisa lake zilikuwa ukutani upande wa pili. Aliwaashiria watoto wanyamaze, nao wakanyamaza. Tukasali rakaa mbili za msafiri huku mabati yakivuma hata hatukuisikia sauti yetu wenyewe.

Tulipomaliza tulimkuta kijana akizungumza kwa simu. Mkewe alikuwa amempigia. Tulimuuliza kama kuna jambo, akatufasiria kwa haya kidogo: "Anasema nisitoke hapa mpaka ngurumo ziishe. Anasema pesa ya leo tutajua kesho." Mama mwenye nyumba akacheka, akamminia chai. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Tulipoondoka mama alikataa kupokea chochote, akatutaka tu tumwombee wajukuu wake, nasi tukawaombea.

Siku ya pili wenyeji wetu wa Kendu Bay walitupeleka kuliona ziwa dogo la Simbi Nyaima. Ni ziwa la mviringo, maji yake ya magadi, na heroe huonekana ukingoni. Wajuzi wa ardhi wanasema ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano. Wenyeji wana hadithi yao. Wanasimulia kwamba pale palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wakiwa katika karamu alifika kikongwe mchovu mwenye njaa akiomba hifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha akampa chakula na mahali pa kupumzika. Kikongwe akamwambia aondoke na jamaa zake upesi. Walipokwisha ondoka mvua kubwa ikashuka, kijiji kikazama, na mahali pake pakabaki maji.

Hatukuisimulia hadithi hii kwa kuitakidi kuwa ni tarehe iliyothibiti. Tumeisimulia kwa kuwa jamii iliyokaa na dhoruba miaka mingi imechagua kuwafunza watoto wake jambo hili: nyumba iliyomfungia mlango mnyonge wa njiani imejifungia yenyewe. Mafunzo yetu hayako mbali na hayo, kwani Mtume (S.A.W.) amefungamanisha kumkirimu mgeni na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Tukirudi kwa maneno ya Qatada, basi, mkaazi mwenye tumaini ana deni kwa msafiri mwenye hofu. Mvua moja imewashukia wote wawili, na mmoja wao ana paa.

Sasa tuseme yale ambayo kila familia yenye mwendesha pikipiki inapaswa kuyajua. Wapo wanaodhani mipira ya magurudumu humkinga mpandaji. Haimkingi. Gari lililofungwa hukinga kwa kuwa bati lake huupitisha umeme nje ya waliomo ukaingia ardhini, na pikipiki haina bati la kumzunguka mtu. Mti nao huivuta radi, kisha umeme huruka kutoka shinani ukampiga aliyesimama karibu, au humfikia kwa kupita ardhini. Ule mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya bodaboda hauzuii radi hata kidogo, na upepo ukiushika huweza kuiangusha pikipiki. Mkihesabu baina ya mwanga na ngurumo msifike 30, wakati wa kuwa ndani umekwisha fika. Na baada ya ngurumo ya mwisho ngojeni nusu saa kabla ya kutoka, hata jua likichomoza.

Tena si kila paa ni kinga kamili. Majirani zetu wa Uganda wameyajua hayo kwa msiba. Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Agosti 2020, huko Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibanda mvua ilipowashika, na 10 wakafariki. Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kwa ibada. Kwa hiyo jengo imara ni bora kuliko kibanda, na aliye ndani akae mbali na ukuta, mlango, bomba na nyaya. Shule, msikiti na madrasa vinavyojengwa katika nchi za radi vinahitaji kingaradi, kama vinavyohitaji msingi na paa. Nasi tunaochangisha fedha za kuijenga misikiti ya bara tulitie jambo hilo katika hesabu ya ujenzi tangu siku ya kwanza.

Lipo na jambo la ulimi. Radi inapoua, hapakosi mtu wa kunong'ona kwamba imetumwa, na kidole kikaelekezwa kwa jirani, mara nyingi kwa kikongwe asiye na wa kumtetea. Radi iko chini ya amri ya Mwenyezi Mungu, naye ameijaalia njia zake zinazojulikana. Kumtuhumu mja kwayo ni kuongeza dhuluma juu ya msiba.

Tunawasikia baadhi ya vijana wakisema, "Tawakkal, tutafika." Neno ni zuri, lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake alimwelekeza amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola. Na sheria yenyewe imemhurumia mtu siku ya mvua. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, siku ya Ijumaa yenye mvua alimwamrisha mwadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao, akaeleza kwamba hakupenda kuwatoa watembee katika matope na utelezi. Ikiwa Ijumaa, pamoja na ukubwa wake, imepewa ruhusa hiyo, abiria wa kwenda sokoni atasema nini?

Basi, mama zetu na dada zetu, mkimpigia simu mume au mwana aliye juu ya pikipiki na mawingu yamefunga, msimuulize mbona amechelewa. Mwambieni asimame, na pesa ya leo mtaijua kesho. Mwanamke yule wa Homa Bay hakuwa tajiri alipoyasema hayo, na aliyasema. Mwenye kumiliki pikipiki aliyoikabidhi kwa kijana wa watu, akumbuke kuisamehe hesabu siku ya dhoruba, au aipunguze, kwa kuwa pikipiki hununuliwa nyingine. Abiria alipe muda wa kungoja kwa moyo mkunjufu. Na mwenye nyumba kando ya njia, iwe Likoni, Malindi au Rodi Kopany, aiweke baraza yake wazi mvua inaponyesha, asiulize kabila wala dini kabla ya kutoa kanga kavu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua ya masika iwe ya manufaa, awahifadhi wavuvi wa ziwani na waendesha bodaboda wa bara na pwani, na ambariki mama yule, wajukuu wake, na kila aliyefungua mlango wake kwa ajili ya mpita njia. Amin.

Wabillahi tawfiq.