Mihogo ya Kisarawe

Jumamosi moja tuliondoka Maili Moja, Kibaha, alfajiri, kwenda kwenye semina ya wanawake Kisarawe. Tulikuwa tumeazimia kupunguza unene, hivyo hatukunywa hata chai. Tulipita Gongo la Mboto, tukapanda vilima vya Pugu penye msitu, na mchana tukakataa wali wa wenyeji wetu.

Jioni, tukiwa stendi ya Kisarawe, tulinunua mihogo ya kukaanga. Tulikula kipande baada ya kipande, mkono usisimame hadi tumbo likauma. Ndani ya basi tuliinamisha nyuso kwa aibu. Sisi wauguzi, tunaowafundisha wengine!

Kosa halikuwa la mihogo. Mwili ulionyimwa chakula kutwa hudai deni lake jioni, tena pamoja na riba. Siku hizi tunakula asubuhi, mchana na jioni, kwa kiasi. Tukiteleza, hatujiadhibu kwa kushinda na njaa kesho yake.

Mama mwenzetu, ukila hivyo bila kuweza kujizuia kila wiki kwa miezi 3, usijihukumu. Huenda ni ugonjwa, nao unatibika. Mwone daktari.