Umeangalia Mizizi?

Julai mwaka jana niliua mmea huku nikilipwa kufundisha watu jinsi ya kutoua mmea.

Kazi yangu ni kuandika makala za mtandaoni. Mteja yuko Marekani, mimi niko Zimmerman, kwenye bedsita ya orofa ya tatu ambayo dirisha lake linatazamana na ukuta wa ploti jirani, karibu kiasi kwamba mama wa pale akikosa chumvi nampitishia tu. Wiki hiyo oda ilikuwa maneno 1,500: kwa nini majani ya sakulenti yako yanaharibika. Sakulenti ni ile mimea ya majani manene yanayoweka maji, kuanzia mshubiri wa nyanya yako hadi vile vimkebe vya kupendeza unavyoviona kwenye meza za mikahawa ya Kilimani.

Niliandika vizuri, naapa. Jani la chini likikauka kama karatasi na kuanguka peke yake, ni uzee tu, wacha. Shina likirefuka na majani yakiachana, mmea unatafuta mwanga. Mabaka ya kahawia upande wa dirishani ni jua la ghafla, na hayafutiki. Pamba nyeupe kwenye maungio ni wadudu, wapanguse kwa spiriti. Nikamaliza saa tisa usiku, nikatuma, nikachukua kikombe nikaumwagilia maji mmea wangu, kama kila siku.

Ulikuwa jedi, Crassula ovata, asili yake Afrika Kusini. Niliununua shilingi 200 kwa wauza miche wa Ngong Road, wiki niliyoacha chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu. Deni la karo lilikuwa limekua hadi nikaacha kuliangalia, na siku ya mtihani jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia. Sikulia wala kugombana na mtu. Nilirudi hosteli, nikafunga begi. Mama yuko Kitale, analima mahindi na sukuma, na kila mwisho wa mwezi aliendelea kunitumia 3,000 kwa M-Pesa, pesa ya kula. Nami niliendelea kumwambia masomo yako sawa.

Ule mmea nilikuwa nauheshimu kwa sababu moja. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana. Jedi na jamaa zake hufungua usiku, kukiwa na baridi, ili maji yasipotee hewani. Mimi pia nafanya kazi usiku, kufuata saa za mteja. Nilijiona niko na mwenzangu.

Jumapili moja Mama akapiga simu, na kwa kukosa la kusema nikamwambia nina mmea mgonjwa. Simu yake ni kabambe, haipokei picha, kwa hivyo ilibidi aulize.

"Majani ya juu ama ya chini?"

"Yalianza ya chini. Manjano."

"Makavu ama laini?"

"Laini. Ukibonyeza yanapasuka maji. Halafu mengine yamekunjamana kama mtu mzee."

Huyu ni mtu ambaye akipita kando ya shamba lako atakuambia mahindi yanataka CAN, kwa kuona tu umanjano ulioanzia ncha ya jani la chini ukafuata katikati. Chuo hakuenda.

"Unaumwagilia mara ngapi?"

"Kila siku."

"Kwani ni sukuma?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba majani kukunjamana ni dalili ya kiu, hata nimeandika hivyo kwenye makala, ndiyo maana niliongeza maji.

"Udongo ukiushika uko aje?"

"Umelowa."

"Sasa kiu itatoka wapi? Umeangalia mizizi?"

Sikuwa nimeangalia. Nikaweka simu kwa spika, nikageuza mkebe juu ya gazeti. Mmea ulitoka bila kushikilia chochote. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiivuta ganda linateleza linabaki mkononi, na harufu ilikuwa ya kitambaa cha vyombo kilichosahaulika.

Hili ndilo makala yangu haikulisema wazi. Mizizi huhitaji hewa. Maji yakijaa nafasi zote kwenye udongo, mizizi inakosa pumzi, inakufa, kisha kuvu inaingia. Na mzizi uliokufa hauwezi kunyonya maji. Mmea unakauka ukiwa umesimama majini, na wewe ukiona jani limekunjamana unaongeza kikombe kingine. Dalili ni ile ile, sababu mbili zinazopingana, na jani peke yake halitakuambia ni ipi. Gusa udongo kwanza. Ukiwa mkavu hadi chini, mwagilia, na siku chache baadaye majani yatajaa. Ukiwa na unyevu na majani bado yamesinyaa, chimbua.

"Hii imekuwa ikioza tangu lini?" Mama akauliza.

"Sijui. Majani yalikaa sawa kwa muda."

"Si ni manene. Yalikuwa yanakula akiba."

Sijui kama alikuwa anaongea kuhusu mmea. Nafikiri ndiyo, mmea tu. Lakini nilikuwa nimepiga magoti juu ya gazeti na matope mikononi, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, niliacha shule."

Nilisikia kuku wake. Nilisikia mtu akipita kwa pikipiki.

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Na zile pesa?"

"Nimekula."

"Sawa," akasema, na simu ikakatika. Hakuwa ameishiwa salio. Mimi namjua.

Nilirudi kwa mmea kwa sababu sikujua pa kurudi kwingine. Nilikata shina kuelekea juu hadi sehemu safi, pasipo na duara la kahawia ndani. Nikakiacha kile kipande kivulini wiki nzima ili kidonda kikauke, maana ukikipanda kibichi kinaoza tena. Kisha nikatoboa mkebe matundu chini na kuchanganya udongo nusu kwa nusu na mchanga mkubwa na vikokoto vya mjengo. Nikatafuta kijiti cha mshikaki: unakichoma hadi chini, na kikitoka na udongo uliolowa, unaweka kikombe chini.

Pia niligundua kosa lingine. Makala zote nilizosoma zilisema punguza maji wakati wa baridi, kuanzia Desemba. Baridi yetu ya Nairobi ni Juni na Julai, siku ambazo jua halionekani na udongo wa chumba changu hukaa na unyevu wiki mbili na zaidi. Nilikuwa nafuata kalenda ya mteja ndani ya nyumba yangu.

Mwisho wa mwezi pesa haikuja. Nilijua haingekuja, lakini niliangalia simu siku nzima. Nikaomba mteja aniongezee oda, nikala ugali na maharagwe, nikalipa nyumba nikiwa nimechelewa siku tisa.

Wiki ya tano Mama akapiga. Hakunisalimia.

"Kile kipande kilishika?"

Nikakivuta kidogo, polepole. Kilikataa kutoka.

"Kimeshika."

"Usikiguseguse. Na usikipe maji ovyo."

Kisha akauliza nalipwa pesa ngapi kwa hiyo kazi ya kuandika. Nikamtajia, shilingi kamili, bila kuongeza. Akanyamaza akipiga hesabu.

"Na lile deni la shule ni ngapi?"

Nilikuwa sijalitaja kwa mtu yeyote. Nikafungua kompyuta, nikatafuta ule ujumbe wa zamani, nikamsomea.