Kisu Chenye Unyayo wa Kuku

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga, nao hawakuwa wakizungumzia fedha za dukani pekee. Ndugu msomaji, hebu chungulia ndani ya sanduku kuukuu la nyumbani kwenu. Hutakosa saa isiyotembea, sarafu yenye tundu katikati au redio iliyokata roho zamani. Ukiuliza ni ya nani, utajibiwa tu, "Hiyo ni ya babu." Babu yupi? Aliipata wapi? Mwaka gani? Hapo kila mtu huanza kukohoa.

Kwetu sisi kitu hicho ni kisu. Si kisu cha jikoni wala panga la shambani, bali ni kisu cha mfukoni, cha kukunja. Kilikuwa mali ya baba yake babu yangu, nami ni kitukuu wake. Mpini wake ni mweusi, wenye michirizi ya miraba midogo midogo ili usiteleze mkononi. Kina bapa pana lisilokuwa na ncha kali, kifungulio cha mikebe, na upande wa nyuma msumari mnene uliochongoka. Mwishoni pana pete ya kupitishia kamba. Ni kizito ajabu. Ukikitia mfukoni, suruali inataka kukuaga.

Kisu hicho kiliwatia uhasama ndugu wawili. Babu alishikilia kwamba baba yao alirudi nacho kutoka vita vya Burma. Mdogo wake, ambaye sisi humwita Babu Mdogo, alikuwa akicheka kwa kebehi. "Burma gani? Mzee alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge huko Thika. Kisu alikinunua dukani kabla hata vita havijaanza. Wacheni hadithi za Abunuwasi!" Vyeti vya marehemu, kama vilikuwapo, vilikwisha kuliwa na mchwa. Basi ikawa kumwamini mmoja ni kumwita mwenzake mwongo. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe ndizo sisi. Sikukuu zilipofika tulikula katika miji miwili, na ole wako uonekane umeshiba kwa upande wa pili.

Shangazi yangu naye alikuwa na lake. Aliona karibu na mpini, kwenye chuma, alama mfano wa unyayo wa kuku. Akatangaza, "Hiyo kitu ni ya mganga! Itupeni chooni ugomvi uishe."

Wakati wa likizo ya Agosti nilikiomba kisu hicho nikichunguze. Binamu yangu alikuja mbio na kipande cha msasa. "Leta nikisugue king'ae kama kipya!" Nikamzuia. Msasa huondoa kutu, ni kweli, lakini huondoa na maandishi, na maandishi yakishafutika hakuna fundi wa kuyarudisha. Nilitia matone machache ya mafuta, nikakiacha siku mbili, kisha nikapangusa polepole kwa kitambaa laini. Baadaye mwalimu wetu alituazima lenzi ya maabara ya fizikia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye lenzi huona zaidi.

Kwanza yalijitokeza maneno "J. RODGERS & SONS", na chini yake "SHEFFIELD". Sheffield ni mji wa Uingereza uliosifika kwa visu kwa karne nyingi. Chama cha mafundi wa visu wa huko kiliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1624. Joseph Rodgers & Sons kilikuwa mojawapo ya viwanda vikubwa vya mji huo, na alama yake mashuhuri ilikuwa nyota na msalaba.

Nilitafuta pia neno "STAINLESS", yaani chuma kisichoshika kutu. Halikuwapo. Chuma cha namna hiyo kilipatikana Sheffield mwaka 1913 kwa kazi ya Harry Brearley. Kwa hiyo kisu chenye neno hilo hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo. Lakini neno likikosekana, usikimbilie kusema kisu ni cha kale zaidi, maana visu vya chuma cha kawaida viliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye.

Kisha nikafikia ule unyayo wa kuku. Kumbe si uganga! Ni mshale, alama ambayo serikali ya Uingereza ilipiga juu ya mali yake, hasa vifaa vya jeshi, ili mtu asiibe akasema ni chake. Kando ya mshale palikuwa na tarakimu nne: 1943. Na lile jisumari la nyuma? Ni la kulegezea mafundo ya kamba yaliyokaza. Visu vya aina hiyo vilitolewa kwa askari, wakavining'iniza kwa kamba iliyopita kwenye ile pete.

Nilipowasomea wazee hayo, Babu Mdogo alinyamaza. Vita vilianza mwaka 1939. Kisu kilichotengenezwa mwaka 1943 hakiwezi kununuliwa kabla ya vita, hata kama muuza duka ni rafiki yako. Babu akaanza kutabasamu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, ilipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw huko Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Kufikia Desemba mwaka huo walikuwa wamefika kwenye mto Chindwin. Tarehe zilimkubali Babu.

Hata hivyo, haki ni haki. Nilimwambia Babu kwamba baada ya vita vifaa vingi vya jeshi viliuzwa kwa raia. Kisu kilikuwa kimetuambia kilikotoka na mwaka wake. Hakikuwa kimetuambia nani alikivaa. Tabasamu la Babu likarudi ndani.

Wakati huo dada yao mkubwa, Nyanya, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mbaazi. Hakuinua macho. Akasema, "Kwani hamjui? Baba alirudi amekining'iniza kiunoni. Mimi nilikuwa msichana mdogo wa kuchunga mbuzi, na ninyi hamjazaliwa. Alitufungulia mkebe wa nyama kwa hicho kisu. Mama alikataa kula, akasema ni nyama ya watu. Lakini mkebe aliuchukua, akapimia maharagwe mpaka nikaolewa."

Babu akauliza, "Na Burma?"

"Alikuwa akisema mvua ya huko hainyeshi, inamwagwa. Na kwamba mbu waliwaangusha watu kama risasi. Na Thika alifanya kazi pia, kabla ya kwenda. Nyote wawili mmeshika mkia na masikio ya ng'ombe mmoja."

"Sasa mbona miaka yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mkiulizana wanaume kwa wanaume."

Jamani, kimya kilichofuata kingeweza kukatwa kwa kile kisu. Kisha Babu Mdogo akacheka, safari hii bila kebehi, akamwomba nduguye ugoro. Siku hiyo tulikula mji mmoja. Kisu walimkabidhi Nyanya akitunze, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitunza habari zake. Kesho yake nilimkuta akikatia kamba ya mbuzi.

Nami niliandika kila kitu kwenye karatasi: jina la kiwanda, mji, mshale, mwaka, na maneno ya Nyanya kama alivyoyasema. Karatasi hiyo imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye sanduku lake, mbali na mchwa.

Wanafunzi wenzangu, chuma kina kumbukumbu lakini hakina mdomo. Alama zake ni vitabu, hesabu na lenzi zitakazotusaidia kuzisoma. Mengine yote yamo vichwani mwa wazee, na mara nyingi yumo mzee ambaye hajawahi kuulizwa kwa sababu yuko jikoni. Kuuliza si ujinga. Likizo i karibu. Mkifika nyumbani, fungueni masanduku, na mulize mkiwa na kalamu mkononi.